Bolti Inalegea Kila Wiki: Kutafuta Chanzo Kwenye Boti Ndogo za Mtera

Simu ninayopigiwa mara nyingi kuliko zote huanza hivi: "Fundi, ukija niletee bolti za stenlesi, hizi za kwangu zimeshindwa kazi." Nikifika bwawani Mtera nikaifungua hiyo bolti inayolaumiwa, mara nyingi naikuta nzima, inang'aa. Kilichoshindwa ni tundu inamopita, au washa, ile pete bapa ya chini ya nati, ndogo kuliko sarafu ya mia, au ubao wenyewe, ambao kwa nje umepakwa rangi ya bluu ukapendeza na kwa ndani umeshakuwa uji.

Mimi nilianza na mageti na madirisha hapa Dodoma mjini. Boti zilikuja baadaye, kwa sababu wavuvi walikuwa wakiniletea vyuma vilivyokatika nivichomelee, na nikachoka kuchomelea chuma kilekile mara tatu kwa mwaka. Ndipo nikaanza kwenda kuangalia kinakatikia wapi.

Huku bara watu wanaamini kutu ni ugonjwa wa pwani. Ni kweli kwamba maji ya Mtera ni baridi, hayana chumvi ya kula chuma kama ya bahari. Lakini Mtera ina tabia yake. Likijaa, bwawa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na maji yanaweza kutumika kwa umeme hadi yashuke mita 690. Boti iliyofungwa ukingoni mwezi wa tano inaweza kufika mwezi wa kumi na moja imelala juu ya tope lililopasuka, jua linaipiga kutwa. Mbao zinasinyaa. Mvua zikirudi zinavimba. Hiyo kusinyaa na kuvimba ndiyo inayong'oa vyuma, kuliko kutu. Kwa hiyo ninaposhughulika na boti ya huku naanza na tundu, kisha naja kwenye bolti.

Bolti inalegea hata ukiikaza kila wiki

Mzee mmoja alinipigia akisema injini yake ya nguvu za farasi 15 ilitaka kudondoka majini usiku. Nilipofika alikuwa ameshakasirika. "Fundi, bolti hizi mpya. Nimefunga wiki mbili tu zilizopita." Nikamwambia, "Nakuamini, mzee wangu, tuzitoe tuone." Bolti nne za milimita 10, zile za spana 17, zilitoka kwa vidole. Nikachukua spoki ya baiskeli, nikaisukuma pembeni mwa tundu. Ikazama hadi nusu kidole bila kupingwa, na ilipotoka ilikuwa na tope jeusi lenye harufu ya majani yaliyooza. Ubao wa tezi, yaani ule wa nyuma ya boti unaobeba injini, ulikuwa umeoza kuanzia kwenye matundu kwenda nje, na rangi ya juu haikuonyesha hata ufa.

Kipimo cha spoki ndicho cha kwanza, na hakina gharama. Cha pili ni kugonga. Shika spana kwa kichwa, gonga ubao kwa mpini wake kuanzia mbali ukikaribia tundu. Ubao mzima unajibu kwa mlio mkavu. Ukifika sehemu inayojibu kwa mlio mzito uliozibwa, kama umegonga gunia la pumba, weka alama ya chaki. Mara nyingi alama hizo zinazunguka bolti zote.

Spoki ikikataa kuzama, ubao ni mzima na tatizo ni moja kati ya mawili. Ama washa ni ndogo, inazama kwenye mbao kila mbao zinapovimba, na zikisinyaa panabaki nafasi. Utaliona duara lililobonyea, kama alama ya kifuniko cha soda. Ama bolti ilikazwa kwa nguvu zote wakati wa kiangazi, ubao ukiwa mkavu kabisa. Mvua zilipokuja mbao zilitaka kuvimba, bolti ikazizuia, nyuzi za mbao chini ya washa zikapondeka. Hazirudi tena. Kiangazi kinachofuata bolti inacheza, wewe unaikaza, na unaendelea kuziponda.

Tiba ya washa ni rahisi: kipenyo chake kiwe mara tatu au nne ya bolti. Kwa vitu vinavyovutwa kwa nguvu, kama injini, pete ya nanga na kishwara, yaani kishikio cha kasia, washa peke yake haitoshi, weka bamba la nyuma. Kipande cha mbao ngumu cha unene wa sentimita 2, au bamba la milimita 5, lenye ukubwa unaozishika bolti zote kwa pamoja. Pembe zake zikate ziwe za mviringo, maana pembe kali huanzisha ufa. Boti ikirudi majini iache iloe wiki mbili, kisha zungukia nati zote kwa spana ya mkono.

Tiba ya tundu ndiyo watu wengi wanairuka. Tundu la bolti ya 10 litoboe kwanza kwa biti ya 16. Liache likauke kweli, na hapa ndipo kiangazi cha Dodoma kinakuwa rafiki, siku tatu za jua zinatosha. Changanya epoksi, ile gundi ya mirija miwili, na vumbi laini la msumeno hadi iwe nzito kama siagi ya karanga. Jaza tundu lote, ziba upande wa chini kwa selotepu isimwagike. Ikikauka, toboa katikati yake kwa biti ya 10. Sasa bolti inapita kwenye bomba la gundi, haigusi mbao, na maji yakipenya hayana pa kwenda. Usitumie rezini ya faiba badala yake kwa sababu ni rahisi. Haiing'ang'anii mbao kama epoksi, na itabanduka ikiwa imetengeneza kijumba cha maji.

Ubao wa yule mzee haukuwa wa kutibiwa. Tuliukata wote. Aliponiuliza kama marini bodi, ile mbao ya matabaka, ingefaa nilimwambia ukweli: jina hilo lisimdanganye. Nyingi ya zile mbao zenye utando mweusi zinazouzwa hapa ni za kufungia zege. Utando unazuia maji usoni, lakini ukitoboa umefungua mlango, na ndani unaweza kukuta matabaka yenye mapengo. Ukiitumia, paka epoksi kwenye kingo zote na kwenye kila tundu, au uiache.

Machozi meusi au ya kahawia yanashuka kutoka kwenye vichwa vya bolti

Angalia rangi kwanza. Kahawia yenye uwekundu ni kutu ya kawaida: bolti ni ya chuma na zinki yake imekwisha. Weusi kama wino ulioingia ndani ya mbao ni kitu kingine. Mbao nyingi ngumu, na mkaratusi pia, zina tanini, kemikali ya asili ya miti. Tanini ikikutana na chuma na unyevu inatoa wino halisi, na penye wino huo chuma kinaliwa haraka. Ukiona weusi, hiyo bolti usiisubiri imalize mwaka.

Hapa inabidi niseme kuhusu zinki, maana dukani kila muuzaji atakuambia "hii gavanaizi, haipati kutu." Ziko mbili. Ile laini inayong'aa, yenye ubluu au umanjano kidogo, imepakwa zinki kwa umeme, na unene wake ni maikroni 5 hadi 10 hivi. Hiyo ni ya kitanda na kabati. Ile ya kijivu iliyofifia, inayokwaruza kidogo ukiipitisha kidole, imechovywa kwenye zinki iliyoyeyuka, na utando wake ni mnene mara kadhaa. Hiyo kwa maji baridi inafanya kazi vizuri miaka na miaka, na bei yake haiumizi. Inunue pamoja na nati yake, kwa sababu meno yake yamenenepa kwa zinki na nati ya kawaida haitapita. Nimeona vijana wakiyachonga meno ya bolti kwa kifaa cha kukatia meno ili nati ipite. Wanaiondoa zinki waliyoilipia.

Ukichomelea chuma kilichochovywa, zinki inaungua pale pale na kutu itaanzia hapo hapo. Moshi wake mweupe usiuvute, utakulaza na homa usiku huo. Choma kwanza, kachovye baadaye, au funga kwa bolti bila kuchoma.

Chanzo kingine cha machozi haya ni silikoni. Ile inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inaanza kula zinki kabla boti haijagusa maji. Zaidi ya hapo, ikishapakwa hakuna gundi wala rangi itakayoshika mahali hapo tena. Badala yake nenda kwa mafundi wa vioo vya magari, uliza gundi ya kubandikia kioo cha mbele. Ni poliurethani, inashika mbao, faiba na chuma, na inabaki na unyumbufu. Adui yake ni jua, kwa hiyo iwe chini ya kile unachokifunga, na ile inayojitokeza pembeni ikate, upake rangi juu.

Stenlesi imeota madoa ya kahawia

Mteja anakuja amevimba: nimeuziwa feki. Inawezekana. Lakini uliza kwanza nani aliikata na kwa kitu gani.

Karakana zetu zina grinda moja na diski moja. Asubuhi imekata nondo, mchana inakata stenlesi ya boti. Chembe za chuma zilizobaki kwenye diski zinagandamizwa kwenye uso wa stenlesi, na baada ya wiki moja kila chembe inaota kutu yake. Ukiangalia karibu utaona madoa yamefuata mistari ya mikwaruzo, hayajasambaa kote. Hii ni kutu ya kuambukizwa, inatibika. Sugua kwa kitambaa kilicholowa maji ya ndimu, acha dakika kumi na tano, suuza, rudia. Asidi ya ndimu inaziondoa chembe na kuuacha uso wa stenlesi ujijenge upya. Watu wanaongeza chumvi kama wanaosafisha sufuria. Usitie chumvi, na usitumie steliwuli, maana hiyo nayo ni chuma kinachobaki kwenye mikwaruzo. Fundi anayetaka kazi ya boti awe na diski ya stenlesi pekee, aiandike kwa maka peni.

Kama madoa yamekaa kwenye mshono wa kuchomelea peke yake, fundi alitumia fimbo za chuma cha kawaida. Hapo hakuna ndimu, mshono unafutwa unachomelewa upya kwa fimbo za stenlesi.

Kama ni kichwa chote cha bolti, ndipo ushuku bolti yenyewe. Soma kichwani. A2-70 ni daraja la 304, lenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 hivi. A4-70 ni daraja la 316, lililoongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3 ili kuhimili chumvi. Ukiona 8.8 tu, hicho ni chuma cha nguvu kilichopakwa kitu, hata kikiwa kinang'aa vipi. Bila maandishi, tumia sumaku. Mimi natembea na ile ya spika iliyokufa. Ikinasa kwa nguvu kama inavyonasa msumari, iache dukani. Ikivutia kidogo sana, usihukumu haraka, kwa sababu A2 nyingi zilizofinyangwa zikiwa baridi huvutika kidogo.

Je, ununue A4? Kwa Mtera, A2 inatosha, na tofauti ya pesa heri uiweke kwenye washa kubwa na gundi nzuri. Kwa Ziwa Singidani jibu langu linageuka, kwa sababu maji yale yana chumvi. Huko ni A4, na hata hiyo usiizike kwenye mbao zilizolowa bila gundi. Stenlesi inajikinga kwa utando unaohitaji hewa. Ukiifungia ndani ya tundu lenye maji yaliyotuama, shingo yake inaliwa huku kichwa kinang'aa. Nimewahi kutoa bolti ya namna hiyo kwenye boti iliyotoka Singida, katikati imebaki nyembamba kama kijiti cha mshikaki. Ukijua boti itapelekwa Bagamoyo siku moja, ihesabu kama ya Singidani.

Unga mweupe unatoka kwenye alumini

Unga ukizunguka bolti ya stenlesi, ni metali mbili zisizoelewana. Zikigusana kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoumia. Kwenye maji baridi inakwenda polepole, kwenye maji ya chumvi mbio. Tenganisha: kata washa bapa kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula, weka kati ya stenlesi na alumini, na paka ile gundi ya vioo ndani ya tundu.

Unga ukiwa upande unaogusa mbao, geuza uone kama mbao ina ukijani. Mbao za paini zilizotiwa dawa ya shaba, kama nguzo za umeme, zinakula alumini na zile zinki nyembamba. Kwa mbao hizo tumia stenlesi au chuma kilichochovywa, usitumie alumini kabisa.

Nikiwa hapo hapo: angalia kipande kinachotolewa kafara chini ya injini, yaani kinacholiwa badala ya injini yenyewe. Injini nyingi zinauzwa na cha zinki, kilichokusudiwa bahari. Kwenye maji baridi zinki inajifunika ganda inaacha kufanya kazi, na ukiona kipande kimekaa miaka miwili bila kupungua usifurahi. Cha maji baridi ni cha magnesiamu. Huku ni cha kuagiza.

Nyufa kama utando wa buibui kwenye boti ya faiba

Zikizunguka pete au kishwara, hapakuwekwa bamba nyuma. Faiba inajikunja kila kamba inapovuta, na ganda la juu lisilojua kujikunja linapasuka. Ufa mmoja ulionyooka kutoka kwenye tundu una sababu nyingine: bolti iliingizwa kwenye tundu lenye ukingo mkali. Ukitoboa faiba, ukingo wa tundu uupunguze ukali kwa biti kubwa kidogo, mzunguko mmoja au miwili kwa mkono, ndipo uweke gundi. Na skrubu za kujichonga kwenye faiba tupu hazifai kwa kitu chochote kinachovutwa.

Mambo madogo

Skrubu ya brasi iliyogeuka rangi ya waridi imepoteza zinki yake, ukiigusa na bisibisi itakatika kama biskuti. Vifungio vyeupe vya plastiki vinakatika kwa jua ndani ya msimu mmoja, nunua vyeusi vya kustahimili jua. Raba ya chubu chini ya injini inaonekana busara, lakini inafanya injini ichezecheze na inashika maji, itoe.

Nati ya stenlesi imekwama katikati, haiendi mbele wala nyuma

Hii haina uhusiano na kutu, na inatokea kwenye bolti mpya kabisa. Stenlesi juu ya stenlesi zikisuguana kwa kasi, hasa ukikaza kwa mashine, meno yanapata moto na kushikana. Mafuta baada ya hapo hayasaidii. Kata kwa msumeno wa chuma kati ya nati na washa, na weka kipande cha kadibodi ubao usichubuke. Bolti mpya ipake grisi kwenye meno, ikaze kwa mkono, polepole. Ukihisi inaanza kuwa nzito kabla haijafika kwenye washa, simama hapo hapo, rudisha nusu mzunguko, iache ipoe.

Na kabla ya kuikata hiyo ya zamani, injini ifunge kwa kamba kwenye taruma, yaani mbavu ya boti, si kwenye ubao uleule wa tezi unaoufanyia kazi. Mtera ina viboko na mamba, na sijapata mtu wa kuzamia spana, seuze injini.